Tukiulizwa kama tuna intaneti, tujibu nini?

Maelezo ya afisa wa takwimu wa kaunti kwa wakazi waliokutana katika baraza, soko la Kambu. Tunayachapisha kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.

  Mwenye kiti ampishe yule mama aliyebeba mtoto, kisha tuendelee.

Nimeombwa kuzungumza juu ya namna serikali inavyopima matumizi ya kompyuta na intaneti katika kaya zetu. Najua kuna mtu hapa anajisemea moyoni: sisi tunatafuta maji, huyu anatuletea habari za kompyuta. Sina ubishi naye. Ninamwomba tu anivumilie kidogo. Siku hizi ujumbe wa kumwambia mkulima akachukue mbolea ya ruzuku unaingia kwenye simu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto kinaombwa kupitia eCitizen. Kuna fomu za basari zinazojazwa mtandaoni, na kazi zinazotangazwa huko huko. Wanaoamua kama fomu iwe ya karatasi au ya mtandao hawatujui kwa sura. Wanatujua kwa hesabu, na hesabu hiyo inatoka kwetu wenyewe, mlangoni, siku karani anapobisha hodi.

Nianze na kosa langu mimi.

Mwaka 2019 nilikuwa karani wa sensa, si huku Kambu, ni upande mwingine wa kaunti hii. Mtakumbuka sensa ile ilianza usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, na ilikuwa ya kwanza Kenya ambayo makarani hawakubeba madaftari bali tableti. Nilifika kwa mama mmoja, akanikaribisha vizuri, akanipa kiti na maji ya kunywa. Tulipofika kwenye maswali ya mawasiliano nikamuuliza kama kuna mtu nyumbani anayetumia intaneti. Akacheka. Akaniambia, "Intaneti? Hapana, mwanangu. Hayo ni ya watu wa mjini." Nikabonyeza hapana. Kwake, kwa mkwe wake, kwa watoto. Nikamaliza, nikaaga.

Nilipokuwa langoni nikamsikia akimwita yule mkwe: "Ile picha ya mbuzi umemtumia mnunuzi wa Emali?" Mkwe akajibu ndiyo, ameituma kwa WhatsApp, na tiki mbili zimeonekana.

Nilirudi nikaomba radhi, nikarekebisha majibu. Mama alishangaa sana. Alisema, "Kumbe WhatsApp ni intaneti? Mimi nilidhani ni simu tu." Lakini kinachonisumbua hadi leo si nyumba ile. Ni zile nilizopita kabla yake. Nilikuwa nimezuru boma nyingi, nikiuliza swali lile lile kwa maneno yale yale, na nikijibiwa hapana. Sikuzirudia. Majibu yale yalikwenda Nairobi jinsi yalivyo, na yamo katika hesabu ya nchi.

Kwa hiyo leo nataka tukubaliane juu ya maana ya maneno, halafu niwaambie majibu yetu yanakwenda wapi.

Ukifungua WhatsApp, Facebook, TikTok au YouTube, umetumia intaneti. Ukitafuta bei ya ndengu kwenye simu, ukaingia eCitizen, ukatuma barua pepe, ukasikiliza mahubiri ya kanisa moja kwa moja kupitia simu, umetumia intaneti. Haijalishi bando ni lako au umeunganishiwa na jirani. Haijalishi ulikuwa nyumbani, shuleni, kazini au kwenye saiba hapa sokoni. Kinachohesabiwa ni mtu na alichofanya, si mahali alipokifanyia wala nani alilipa.

Upande wa pili, kuna mambo tunayofanya kwa simu ambayo si intaneti. Kupiga simu ya kawaida si intaneti. Ujumbe mfupi si intaneti, hata kama ndio uliokuletea matokeo ya KCSE ya mtoto. Kutuma pesa kwa kubonyeza nyota, namba na alama ya reli si intaneti. Ndiyo maana M-Pesa, tangu ilipoanza mwaka 2007, imeweza kufika kwa susu aliye na kabambe. Haikuhitaji intaneti. Watu wengi wakisikia mtu "anatumia simu kwa pesa" wanadhani ameshaingia mtandaoni. Si lazima.

Kuna jambo moja lina utata, na nitawapa maoni yangu. Mzee anakwenda saiba, anampa kijana kitambulisho chake, kijana anamjazia kila kitu kwenye eCitizen, mzee analipa na kuondoka na karatasi. Je, mzee ametumia intaneti? Mimi nasema hapana. Amepata huduma ya intaneti kwa mkono wa mtu mwingine. Siku kijana yule akifunga duka, mzee hana njia. Tukimhesabu kuwa mtumiaji tutakuwa tunajidanganya, na wa kwanza kuumia atakuwa yeye.

Sasa kompyuta. Vijana, hapa mtanipinga. Katika vipimo vinavyotumika duniani, kompyuta ni ile ya mezani, ya kubeba, au tableti. Simu janja haihesabiwi kuwa kompyuta, hata iwe na nguvu kushinda kompyuta iliyopo ofisini kwangu, jambo ambalo si gumu. Televisheni janja nayo haihesabiwi. Maelezo haya yako katika mwongozo wa shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa, ITU, ambao umetolewa mwaka 2009, ukarekebishwa 2014 na tena 2020, ili nchi zote zipime kwa kipimo kimoja. Kama Kenya ingehesabu simu kuwa kompyuta na Tanzania isihesabu, tungejilinganisha vipi? Ni kama kununua mahindi kwa debe hapa, na kwa gorogoro kule, halafu mtu aseme bei ni sawa.

Na kompyuta yenyewe iwe inafanya kazi. Kuna nyumba nyingi zenye kompyuta ya kubeba iliyokufa betri miaka mitatu iliyopita, iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa. Hiyo isitajwe. Sensa ya 2019 ilipouliza juu ya televisheni ilisema wazi ni ile inayofanya kazi, kwa sababu hiyo hiyo. Kinyume chake, kama mwalimu amepewa kompyuta na mwajiri wake na anakuja nayo nyumbani na watu wa nyumbani wanaitumia, hiyo itajwe ingawa si mali yake.

Simu pia ina sheria yake. Katika mwongozo wa ITU, mtu anahesabiwa kuwa na simu ikiwa ana simu yenyewe, yenye laini inayofanya kazi, kwa matumizi yake. Akiwa na laini peke yake, aliyoifunga kwenye kitambaa na kuiweka katika simu ya jirani anapotaka kupokea pesa, hahesabiwi kuwa na simu. Wapo watu wa namna hiyo kwetu, na wengi ni wanawake na wazee. Msione haya kusema hivyo. Kupima umiliki wa simu kwa mwanamke na mwanamume kila mmoja peke yake ni mojawapo ya vipimo vya Malengo ya Maendeleo Endelevu ya Umoja wa Mataifa, na sababu yake mnaijua: simu ya baba si simu ya mama. Ikiwa baba yuko Mombasa na simu iko naye, nyumba ile haina simu siku mtoto akiugua.

Basi tuone hesabu zilisema nini.

Sensa ya 2019 iliwauliza watu wote wa umri wa miaka 3 na zaidi. Katika Kenya nzima, asilimia 47.3 walikuwa na simu ya mkononi. Waliotumia intaneti walikuwa asilimia 22.6, na waliotumia kompyuta asilimia 10.4. Wale wa miaka 15 na zaidi waliulizwa pia kama walitafuta na kununua bidhaa mtandaoni, na waliosema ndiyo walikuwa asilimia 4.3.

Hesabu ile ya intaneti ukiigawanya, mambo yanabadilika. Mijini ilikuwa asilimia 42.5. Mashambani asilimia 13.7. Yaani mjini ni zaidi ya watu 42 katika kila 100, na kijijini hawafiki 14. Wanaume walikuwa asilimia 25.1, wanawake asilimia 20.1. Ukisoma ile 22.6 peke yake hutaona lolote kati ya haya.

Kisha kuna hesabu za kaya, ambazo ni kitu kingine. Kaya zilizokuwa na kompyuta ya aina yoyote kati ya zile tatu zilikuwa asilimia 8.8. Zilizokuwa na intaneti, asilimia 17.9. Zilizokuwa na redio, asilimia 56.9. Redio bado ilikuwa inashinda vyote hivyo kwa mbali, na nadhani kila anayetaka kutoa tangazo la haraka katika kaunti hii anapaswa kulala na hesabu hiyo chini ya mto.

Hapa watu huchanganyikiwa, kwa hiyo nikae kidogo. Kaya ni nini? Katika sensa, kaya ni mtu mmoja au watu wanaoishi katika boma moja, hata kama si nyumba moja, wanaopika pamoja na wanaomtambua mkuu mmoja. Chungu kimoja, kaya moja. Mwaka 2019 Makueni ilikuwa na watu 987,653 katika kaya 244,669, kama watu wanne kwa kila kaya. Sasa fikiria kaya ya watu wanne ambamo mmoja tu, kijana, ana simu janja. Je, kaya hiyo ina intaneti? Ukiuliza kwa kaya, unaweza kupata ndiyo, na kwa hesabu hiyo ni asilimia 100. Ukiuliza kwa mtu, ni mmoja kati ya wanne, asilimia 25. Nyumba ni ile ile na siku ni ile ile. Anayetaka kuonyesha kwamba mambo ni mazuri atachagua hesabu ya kaya, anayetaka kulalamika atachagua ya mtu, na wote wawili watakuwa hawajasema uongo. Kwa hiyo ukisikia asilimia redioni, uliza kwanza: asilimia ya nani?

Kuna hesabu ya tatu inayozunguka sana kwenye magazeti, nayo ni ya laini. Mamlaka ya Mawasiliano hutoa ripoti kila robo ya mwaka, na kufikia mwisho wa mwaka 2020 laini za simu zilizokuwa zikitumika Kenya zilipita milioni 60. Watu waliohesabiwa mwaka mmoja kabla ya hapo walikuwa 47,564,296. Basi kwa hesabu hiyo kila Mkenya, pamoja na mtoto aliyezaliwa leo asubuhi, ana laini na chenji inabaki. Lakini tumeona sensa ikisema waliokuwa na simu hawakufika nusu ya watu wa miaka 3 na zaidi. Nani mwongo? Hakuna. Mamlaka inahesabu laini. Hapa mbele yangu kuna watu wengi wenye laini mbili mfukoni, moja ya kupigia na moja ya bando, na mwenye duka ana ya tatu ya kazi. Kampuni ya simu inajua laini zake. Haijui ni nani katika nyumba yenu asiye na simu, kwa sababu asiye na simu hayumo katika mitambo yao. Huyo anaweza kujulikana kwa njia moja tu: mtu aje mlangoni aulize.

Na anapokuja, anamuuliza nani? Katika sensa, mkuu wa kaya au mtu mzima aliyepo huwajibia wote. Haiwezekani kwa makarani kuketi na kila mtu katika watu milioni 47. Lakini hapo ndipo hesabu inapovuja. Baba anajibu kwamba msichana wake hatumii intaneti, na msichana kila jioni yuko kwa shangazi akisoma masomo kwenye simu ya shangazi. Baba hakusema uongo. Hajui. Wakati mwingine anajua lakini hataki ijulikane na karani kwamba bintiye yuko TikTok. Wazee wangu, nawaomba: siku hiyo mwiteni kila mtu aliyepo ajibu mwenyewe swali hilo. Ni dakika mbili. Mtoto wa darasa la kwanza anayetumia tableti shuleni naye anahesabiwa kuwa ametumia kompyuta. Tableti hizo zilianza kupelekwa katika shule za msingi za serikali mwaka 2016, na mzazi mara nyingi haoni, kwa sababu haziji nyumbani.

Mbali na sensa kuna uchunguzi wa sampuli. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, pamoja na tume ya mawasiliano ya wakati huo, lilifanya uchunguzi wa kitaifa wa mawasiliano mwaka 2010. Na uchunguzi mkubwa wa afya ya jamii wa mwaka 2022 pia uliwauliza wanawake na wanaume mmoja mmoja, faraghani, kama wana simu na kama wametumia intaneti katika miezi 12 iliyopita. Sikilizeni hapo: miezi 12. ITU inapendekeza kuuliza miezi mitatu. Mtu aliyeingia mtandaoni mara moja tu, mwezi wa Januari, alipokuwa kwa ndugu yake Nairobi, akiulizwa Juni atasema ndiyo katika swali la miezi 12 na hapana katika swali la miezi mitatu. Kwa hiyo ukiona hesabu mbili zinatofautiana, usikimbilie kusema serikali inapika takwimu. Tazama muda ulioulizwa, tazama umri wa walioulizwa. Uchunguzi ule wa 2022 uliwauliza wanawake wa miaka 15 hadi 49 na wanaume wa miaka 15 hadi 54. Susu zetu wote wako nje ya hapo. Bila shaka asilimia itapanda.

Jinsi sampuli inavyofanya kazi ndiyo sehemu ninayotaka muibebe nyumbani. Mwaka 2022 KNBS ilichagua maeneo madogo 1,692 nchi nzima, na katika kila eneo kaya 25. Hizo ni kaya 42,300. Mwaka 2019 Kenya ilikuwa na kaya zaidi kidogo ya milioni 12. Gawanyeni: kwa wastani kila kaya iliyochaguliwa inasimama kwa niaba ya kaya kama 287. Kama jina la boma lako limetoka, wewe unajibia wengine ambao hata huwajui. Ndiyo maana karani akikukosa hawezi kwenda kwa jirani yako badala yako, hata jirani akiwa amekaa mlangoni anamsubiri na chai. Atarudi, tena na tena. Watu humwona msumbufu. Lakini fikiria akiruhusiwa kuchukua jirani: angekuwa anawapata tu wale wanaoshinda nyumbani mchana, na aliye kibaruani au malishoni asingehesabiwa kamwe.

Sampuli ina udhaifu wake, na sitawaficha. Inaweza kusema jambo la maana juu ya kaunti. Haiwezi kusema lolote la kutegemewa juu ya Kambu, wala juu ya kijiji kimoja. Sensa pekee ndiyo inayoshuka hadi huko chini, na sensa yetu huja kila baada ya miaka kumi. Inayofuata ni 2029.

Na sisi wa Kambu tuna tatizo letu maalum. Tuko kwenye barabara ya Mombasa. Mtu akipita na gari, simu yake inashika mtandao vizuri, anaona saiba, anaona maduka ya simu, anaona vijana wameinamia vioo. Anafika ofisini na kuandika kwamba huku kumefunguka. Hajaiacha lami. Nitoe mfano wa kubuni tu ili tuelewane. Tuseme kaya kumi karibu na barabara, sita zina intaneti. Kaya kumi kule ndani, moja tu inayo. Ukichanganya ni saba kati ya ishirini, asilimia 35. Hiyo 35 si ya barabarani na si ya ndani. Hakuna kijiji chochote kinachoishi katika 35. Lakini ndiyo itakayoandikwa, na mtu atasema, "Theluthi moja wameunganishwa, fomu ziende mtandaoni, wengine watafuata."

Nimeliona hilo likitokea. Ofisi moja, na si lazima niitaje, ilitoa tangazo la nafasi za mafunzo kwa vijana kwenye mtandao peke yake, kwa siku chache tu. Vijana wa mjini waliomba siku ya kwanza. Kuna msichana aliyepata habari kutoka kwa mtu wa matatu, akaazima simu, akakuta nafasi imefungwa jana yake. Alikuwa na alama nzuri kuliko wengi walioingia. Nilipouliza kwa nini tangazo halikubandikwa kwa chifu na kutangazwa redioni, nilijibiwa kwamba takwimu zinaonyesha vijana wengi wana simu. Kweli, wanazo. Ni kabambe. Hakuna aliyeuliza swali la pili.

Katiba yetu, katika Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya mipango pamoja na takwimu. Kwa hiyo hatusubiri KNBS kwa kila kitu. Mikutano yetu ya ushirikishwaji wa umma huanzia vijijini, na huko ndiko ninakotaka swali hili liulizwe kwa undani: simu ni ya aina gani, inachajiwa wapi na kwa shilingi ngapi, mtandao unashika wapi, nani nyumbani hana kabisa, na kwa nini hana. Swali la "kwa nini" ndilo linaloleta msaada unaofaa. Kama tatizo ni mlingoti, kuwapa watu simu hakutasaidia. Kama tatizo ni bei ya bando, mlingoti mpya hautasaidia. Na kama tatizo ni kwamba mama hajui kusoma maandishi ya kwenye kioo, basi anahitaji mtu wa kumfundisha. Wakamba tunajua mwethya. Kazi ya kumfundisha susu kufungua simu vijana wanaweza kuigawana jinsi tunavyogawana kuchimba mtaro.

Mwisho kabla ya maswali, kuna hofu. Watu hunong'ona kwamba karani ni wa kodi, au ni mwizi anayetaka kujua nani ana tableti ndani. Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu matapeli wapo. Basi mjue hivi. Sheria ya Takwimu ya mwaka 2006 inakataza majibu yako kutolewa kwa namna itakayokutambulisha, na karani anayevujisha anashtakiwa. Tangu 2019 tuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data. Karani wa kweli hufika na kitambulisho cha kazi, chifu na mzee wa kijiji wana habari zake, na mara nyingi huongozana na mzee. Anaweza kukuomba namba ya simu ili akurudie akiwa amesahau jambo. Hatakuomba namba ya siri ya M-Pesa. Hatakuuliza una salio kiasi gani. Hatakuomba umpe simu yako mkononi, wala kukutumia kiungo ubonyeze, wala hatakuambia kuna ada ya kuandikishwa. Akifanya hata moja kati ya haya, mwambie angoje, kisha mpigie mzee wa kijiji.

Ukiwa na kompyuta, sema unayo. Hakuna kodi ya kujibu. Ukiwa huna, sema huna. Kuna wanaosema wanayo kwa kuona aibu mbele ya karani kijana aliyevaa vizuri. Na kuna wanaosema hawana wakidhani zitagawiwa za bure. Wote wawili wanaharibu hesabu ya kaya 286 nyingine.

Mzee aliyeketi pale mbele aliniuliza kabla hatujaanza: mwanawe yuko Nairobi, ana simu janja, na ndiye aliyeweka bando kwenye simu ya nyumbani. Je, amtaje? Mzee wangu, mwanao atahesabiwa huko anakoishi, kwa chungu chake. Usimtaje kwako, la sivyo atakuwa watu wawili. Lakini simu ile ya nyumbani aliyoiwekea bando, ambayo unamwonea wajukuu zako kila Jumapili jioni, hiyo itaje. Na wewe mwenyewe ukiulizwa kama umetumia intaneti, jibu ndiyo.

Naomba nikomee hapo. Chifu, nani anaanza na maswali?